Fungua kitako kwanza, mabishano baadaye

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Mwenyekiti amewaambia nimekuja kusema kipi bora kwa bunduki ya kuwindia bata, kitako cha mbao au cha plastiki. Swali hili nimeulizwa mpaka nalisikia usingizini. Nitalijibu, lakini mwishoni, maana nikilijibu sasa hivi nusu yenu mtatoka nje kwenda kubishana, na ninalotaka kulisema litabaki mdomoni mwangu.

Mnabishana juu ya ngozi, na kutu iko tumboni. Hilo ndilo langu, sina jingine.

Waliokwisha kuisikia hadithi ya marafiki wawili wanivumilie. Walikuwa wakiwinda kwa mtumbwi mmoja, kwa bunduki za marisawa, yaani punje ndogo nyingi kwa mlio mmoja, za aina moja, zile zinazojipakia zenyewe, walizonunua msimu mmoja. Tofauti ilikuwa kitako tu. Mmoja alichukua mbao ya mjozi, wenyewe mnaiita walnati, yenye mistari kama moshi. Mwenzake alichukua plastiki nyeusi, akamcheka. "Wewe umenunua kabati, mimi nimenunua bunduki." Misimu mitatu mizima ni kabati, kabati.

Siku moja huyu wa plastiki akaja kwangu. Bunduki inapiga risasi ya kwanza vizuri, ya pili haiingii, komeo, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, linarudi mbele kwa kujikokota kama mzee anayepanda ngazi. Amesafisha mtutu, amesafisha mitambo ya kati, amebadilisha risasi. Nikamuuliza, kitako umekifungua lini? Akanitazama kama nimemuuliza lini alifungua tumbo lake. "Fundi, hiyo ni plastiki. Plastiki haipati kutu."

Nikatoa mpira wa nyuma, ule unaoegemea begani, nikalegeza bolti, nikavuta kitako. Maji ya rangi ya chai ya rangi yakanimwagikia suruali. Sisemi matone. Katika bunduki nyingi za namna ile, tangu Auto-5 ya yule mbunifu wa bunduki John Browning mwanzoni mwa karne ya 20, na Remington 1100 ya mwaka 1963, na nyingi mlizonazo leo, ndani ya kitako mmelala bomba, na ndani ya bomba mna springi ndefu. Kazi yake ni kurudisha komeo mbele baada ya kila mlio. Springi ya bwana yule ilikuwa imeshikana na bomba. Nilipofanikiwa kuitoa ilitoka vipande viwili. Bunduki ilizama kinamasini msimu wa kwanza, akaipangusa nje, ikang'aa, akairudisha kwenye mfuko. Kitako chake ni kitupu ndani, maji yakakaa humo yakifanya kazi yao taratibu.

"Si nilikwambia plastiki haipati kutu?" akasema. Nikamwambia kweli, plastiki haijapata.

Na yule wa kabati? Yake ilikuwa safi. Msidhani ni kwa sababu mbao ni bora kuliko plastiki. Mbao ilikuwa ikimtia hofu. Kila akirudi kutoka majini, anaona doa, moyo unamruka, anafungua kila kitu na kukikausha. Kwa hofu ya kuharibu mbao akawa anaokoa chuma bila kujua. Mwenzake alinunua amani ya moyo, na amani hiyo ndiyo iliyoila springi.

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema yake springi haiko kwenye kitako, iko mbele, imezunguka bomba la kuwekea risasi. Sawa, zipo za namna hiyo. Hata ya pampu, ile unayoipakia kwa kuvuta kwa mkono, haina springi hiyo kabisa. Lakini bolti ndefu inayoshika kitako unayo? Unayo. Ni ya chuma? Ni ya chuma. Basi tuendelee.

Sasa mbao, maana wa plastiki nimewasema na wa mbao mmeanza kutabasamu. Mbao ni kama fungu la mirija iliyolazwa pamoja. Ubavuni maji huingia polepole, lakini kwenye vichwa vya mirija huingia kwa kasi. Vichwa hivyo viko wapi kwenye kitako? Chini ya mpira wa nyuma, na pale mbele mbao inapokumbatia chuma. Ndipo vanishi ya kiwandani mara nyingi inapopitishwa kijuujuu au kusahauliwa, kwa sababu mnunuzi hapaoni. Unaweza kuwa na kitako kinachong'aa kama kioo ubavuni na kinachokunywa maji kisogoni.

Kikinywa, kinatanuka upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kikikauka, kinasinyaa. Baada ya msimu au miwili ya kunywa na kukauka, bolti iliyokuwa imebana inalegea. Sasa kila mlio, chuma kinapigapiga mbao badala ya kuisukuma kwa pamoja. Ufa wa kwanza unatokea nyuma ya mitambo, mwembamba kama unywele, na mwenyewe anasema ni mstari wa mbao. Ni ufa! Kitako kikilegea, kaza siku hiyo hiyo.

Na mafuta. Kuna watu wanaipenda bunduki kwa kuimwagia mafuta, kisha wanaisimamisha kabatini mtutu juu. Mafuta yanateremka msimu baada ya msimu, yanaingia kwenye mbao, mbao inakuwa nyeusi na laini pale pale inapohitaji kuwa ngumu. Isimamishe mtutu chini, juu ya kitambaa, walau siku mbili za kwanza baada ya kuisafisha. Mafuta ya kitani nayo, yale ya kupaka nje, yanapendeza sana na mimi nayapenda, lakini hayazuii unyevu kama mnavyodhani. Kwa kinamasi, ziba vile vichwa vya mirija kwa poliurethani au epoksi, tabaka jembamba, liache likauke, rudia.

"Lakini babu yangu aliwinda na mbao maisha yake yote." Ahaa. Nilikuwa nakusubiri. Babu yako alikuwa na bunduki moja, akaitunza kama jicho. Tena alikuwa akipiga marisawa ya risasi yenyewe, yale madini, na siyo mizigo mizito ya punje na baruti ya siku hizi. Marekani ilikamilisha marufuku ya madini hayo kwa ndege wa majini mwaka 1991, na nchi nyingine nyingi zikaweka masharti yao, watu wakahamia chuma. Chuma ni chepesi, kama gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo, risasi ni 11.3. Kwa hiyo punje zikawa kubwa zaidi, mwendo ukaongezwa, na makasha marefu ya risasi, ya inchi tatu na nusu, yakaja. Teke likaongezeka. Usilinganishe kitako cha babu na mateke ya mjukuu.

Na hapo plastiki nayo ina deni. Vitako vingi vya plastiki ni nailoni au plastiki nyingine iliyochanganywa na nyuzi za kioo, iliyomiminwa kwenye kalibu, tupu ndani, na kwa kawaida ni vyepesi. Watu wanasifu wepesi dukani. Chukua bunduki ya kilo 3.6 na nyingine ya kilo 3, zipakie risasi zile zile: nguvu ya teke kwenye ile nyepesi inazidi kwa karibu asilimia 20. Ni hesabu ya kawaida, bega lako litaifanya bila kalamu. Isitoshe nyepesi inasimama upesi mkononi, bata anaendelea kuruka, wewe umepiga alipokuwa. Mwindaji wa kutembea mlimani ana haki ya kutaka wepesi. Wewe umeketi kwenye matete saa tatu na bata bandia mbele yako, unabeba nini?

Naona napewa ishara ya dakika tano. Nilitaka kusema mengi juu ya kipimo, yaani kitako kinavyokukaa mwilini, na kipimo ndicho kilichostahili saa nzima. Haya, kwa mbio. Bunduki ya marisawa haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, na mgongo wa kitako ndio unaolipandisha au kulishusha. Nyingi za kujipakia zina vipande vyembamba vya kuweka kati ya kitako na chuma, vya kukishusha, kukipandisha au kukipeleka kando. Viko ndani ya boksi, hamjavigusa. Tena pima ukiwa umevaa koti la baridi, si fulana, maana koti nene linafanya kitako kiwe kirefu ghafla na kunasa kwapani. Cha mbao kinaweza kukatwa, hata kupindwa kwa joto kidogo mikononi mwa fundi anayejua. Cha plastiki unategemea vipande.

Rangi za majani, zile za kujifichia: bata anaona uso wako na mkono unaosogea kabla ya kitako. Vanishi inayomeremeta ndiyo ya kuondoa. Dawa ya mbu yenye DEET inakula vanishi na baadhi ya plastiki na rangi, nawa mikono kabla ya kushika. Mbao za tabaka zilizogundishwa, hizo zinatulia kuliko mbao ya kipande kimoja ila ni nzito. Tutazizungumza siku nyingine.

Jibu la mwenyekiti: kwa mtumbwi, matope na maji ya chumvi, mimi nachukua plastiki, ikiwa imenikaa begani. Isiponikaa nachukua mbao inayonikaa, nainyima maji.

Nimeweka meza pale mlangoni, na bisibisi ndefu. Mwenye bunduki ailete tupu, komeo wazi, nihakikishe mimi na ahakikishe yeye. Bisibisi ikipita kwenye matundu ya mpira wa nyuma, ipakeni sabuni kwanza isichane mpira. Na wenye mbao msiingize bisibisi bapa gizani mkakandamiza. Ikikosa mfereji wa bolti inajichomeka ubavuni na kupasua kitako mlichokitunza miaka yote. Wenye bolti ya pembe sita, ninayo soketi. Leteni na kitambaa, maana maji ya safari hii sitaki yanimwagikie mimi.