Chupa Moja Haiusemei Mto

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumze juu ya kupima bakteria katika mito na maziwa, nami nitaanza na chupa ya sampuli, kwa sababu matokeo mengi huharibika mikononi mwa mchotaji kabla hayajafika maabara.

Chupa hiyo huwa imetakaswa vijidudu. Mchotaji huingia majini taratibu, huelekea mkondo unakotoka, hushika mfuniko bila kugusa ndani yake wala kuuweka chini, kisha huizamisha chupa mdomo ukitazama chini hadi kina cha sentimita 30 hivi, ndipo anapoigeuza ijae. Tope lisitibuliwe hata kidogo. Bakteria waliojificha humo hawafikiwi na jua, hivyo huishi muda mrefu kuliko wenzao walio majini, na hatua moja ya pupa yaweza kuongeza hesabu kuliko hali halisi ya maji. Chupa huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6.

Huko hatutafuti kila kimelea, kwani kazi hiyo haiwezekani. Tunatafuta E. koli, bakteria aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, anayeishi ndani ya utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Aina zake nyingi hazina madhara. Tunamtafuta kwa kuwa akionekana ni dalili kwamba kinyesi kimeingia majini, na penye kinyesi huenda pana kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu. Katika maji ya chumvi hutumika enterokoki, bakteria wengine wa utumbo, maana wao huivumilia chumvi kwa muda mrefu zaidi.

Maji hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi cha kuwanasa bakteria, kisha chujio hulazwa juu ya chakula chao. Kwa njia mojawapo, hukaa kwanza saa 2 katika joto la nyuzi 35, ili waliodhoofika wapate nafuu, ndipo huhamishiwa nyuzi 44.5 hadi kesho yake. Nakiri kwamba saa hizo 2 hunigusa kila mara, kwa jinsi tunavyomuuguza kijidudu ili atuambie ukweli. Asubuhi huonekana vitone vyekundu vya zambarau, na kila kitone huhesabiwa kuwa bakteria mmoja aliyekuwamo kwenye chupa.

Maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hayatakiwi kuwa na E. koli hata mmoja katika mililita 100. Kwa maji ya kuogelea, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 huweka wastani wa kijiometri, yaani ule usioyumbishwa sana na hesabu moja kubwa mno, usiozidi E. koli 126 kwa mililita hizo hizo. Tazameni neno wastani. Mto uliokuwa safi Jumatatu waweza kuchafuka Jumanne mvua ikisomba vinyesi na kufurisha mifereji, na jibu letu hutufikia siku moja baadaye, likitueleza maji yaliyokwisha kupita. Ndiyo maana nasisitiza kupima kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na kuandika daftarini saa, hali ya maji na siku ya mvua ya mwisho.

E. koli naye ana mipaka. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, kimelea kisicho bakteria kiitwacho kriptosporidiamu kilipenya mtambo wa maji na kuwafanya watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 waugue, ingawa vipimo vya kawaida vya bakteria havikuonyesha hatari.

Hesabu ikipanda, msiishie kubandika tangazo la onyo. Chukueni chupa kadhaa mpande mto, mkichota hatua kwa hatua na kila panapoingia kijito au bomba, hadi mfike pale hesabu inaposhuka ghafla. Uchafu unaingilia kati ya chupa hiyo na ile iliyoitangulia, na hapo ndipo pa kutafuta bomba lililopasuka, choo kinachovuja au zizi lililojengwa ukingoni.