Shahada Mbili kwa Miaka Mitano, na Mikoko ya Tanga

KOMBO: Assalamu alaikum wasikilizaji. Mwanasha, leo naanza mimi. Wiki hii ujomba umenifikisha chuoni.

MWANASHA: Kwa yule mpwa wako wa sayansi ya mazingira?

KOMBO: Huyo huyo. Yuko mwaka wa tatu, na mshauri wake wa masomo anamtaka aombe ule mpango wa kuunganisha shahada ya kwanza na uzamili. Dada yangu alikuwa kazini, nikaenda kukaa na mtoto tusikilize pamoja. Nimetoka nimefurahi, nasema kweli. Hapa Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, uzamili kama 30 hivi. Masomo machache ya uzamili anayasoma mwaka wa nne, yanahesabiwa huku na huku. Miaka mitano kamaliza, badala ya sita.

MWANASHA: Na huo mwaka wa tano, ada analipa nani?

KOMBO: Nililiuliza hilo. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali usiorudishwa, ile iliyofika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, ni ya shahada ya kwanza. Akishaingia uzamili, haipo tena.

MWANASHA: Wasikilizaji mlio na watoto vyuoni, lishikeni hilo. Na uzamili wa miaka miwili wenye tasnifu, mara nyingi mwanafunzi hupewa kazi ya kufundisha au utafiti, ada inalipwa na posho juu. Hii ya haraka haraka, nyingi hazina hiyo. Anataka kutafiti nini?

KOMBO: Mikoko. Aende kwa bibi yake Tanga, apime kaboni iliyo kwenye tope.

MWANASHA: Mikoko! Kombo, mbona hukusema mapema? Mimi ni wa Kwale. Pale Gazi kuna mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanauza hati za kaboni za hekta 117, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha zinaingia kwenye maji na shule.

KOMBO: Sisi mikoko tuliijua kwa ujenzi. Babu alikuwa anakutajia kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anaushika mti tu, anakwambia huu wa dari.

MWANASHA: Na gome la mkoko wa mkandaa la kutia nyavu rangi. Na asali ya mkoko wa mchu!

KOMBO: Asali ya mchu usiniambie, nitaacha kipindi niende nyumbani.

MWANASHA: Sasa huyo mtoto anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida? Tope halichimbwi siku yoyote. Unangoja mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yatoke kabisa, upate saa chache, kisha yanarudi. Akienda likizo ya Juni hadi Agosti, atakuta upepo wa kusi peke yake. Kaskazi haijui, mvua ya vuli haijui.

KOMBO: Lakini kaboni ya tope imejikusanya kwa mamia ya miaka. Haibadiliki kwa sababu upepo umegeuka. Akichukua sampuli zake vizuri kipindi kimoja, zinamtosha.

MWANASHA: Tope sawa. Na miche? Na wanaokata? Mtu wa mazingira hasomi udongo tu. Mimi ningemwambia amalize shahada ya kwanza, afanye kazi mwaka, hata miwili, ajue swali lake ni lipi, ndipo arudi.

KOMBO: Arudi? Tunawajua wangapi waliosema watarudi? Mtu akianza kupata mshahara, kodi ya nyumba inamwita, mama anamtegemea. Mlango uko wazi sasa hivi, aingie.

MWANASHA: Aingie akatoke na shahada mbili na msimu mmoja wa msituni?

KOMBO: Misimu ataiona kazini.

MWANASHA: Kazini atapewa msitu wa kusimamia, Kombo. Hatakuwa mwanafunzi tena. Akikosea, miti ndiyo inayokufa.

KOMBO: Hapo hatukubaliani.

MWANASHA: Hatukubaliani kabisa.

KOMBO: Na muda umetuishia. Tulipanga kueleza alama zinazotakiwa na barua za mapendekezo, hatujagusa hata moja. Niseme hili tu kwa wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni: kibali cha OPT, cha kufanya kazi ya fani uliyosomea, ni miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni shahada ya kwanza itatolewa lini, kabla hamjasaini, maana zikitolewa zote mbili pamoja mwishoni, huenda mkakosa miezi ya ile ya kwanza.

MWANASHA: Na mpwa wako anipigie kabla hajajaza fomu.

KOMBO: Anajaza Ijumaa.

MWANASHA: Basi anipigie Alhamisi.