Fuga fangasi wa mizizi kwenye ndoo, uwapandie mahindi yako

Karibuni wakulima wenzangu, wa Chanika, Kigamboni, Mabwepande na kote mnakonitazama. Leo tunaandaa maikoriza, fangasi rafiki wa mizizi. Masika huanza Machi, kwa hiyo ndoo iandaliwe mwanzoni mwa Novemba.

Kwanza tuelewane. Fosforasi, chakula muhimu cha mmea, haitembei sana ardhini. Mzizi ukishamaliza iliyo jirani, umekwama. Fangasi hawa huingia ndani ya mzizi, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofika sentimita kadhaa mbele na kurudi na fosforasi na zinki. Mmea nao huwalipa sukari.

Haya, chukua jembe, nenda kwenye nyasi za siku nyingi ambako hapajalimwa. Chimba kama sentimita 20. Angalia hapa mkononi: nautaka udongo pamoja na vijizizi hivi vyembamba, maana fangasi wamo humo. Usichimbe palipokuwa na mchicha au kabichi, mimea hiyo haiwalishi. Wala usichukue chini ya mmea mgonjwa, utahamisha ugonjwa.

Toboa ndoo chini. Changanya kopo moja la udongo huo na makopo matatu ya mchanga uliouchemsha ukapoa. Jaza, panda mtama, mwagilia. DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, usitie hata chembe! Mmea ukishiba fosforasi hauwahitaji tena fangasi, unawafungia mlango.

Acha miezi mitatu hadi minne. Halafu acha kumwagilia kwa wiki mbili hivi. Ukavu huwasukuma watengeneze mbegu zao. Kata mtama, katakata mizizi iwe vipande vidogo, changanya na udongo wake, uhifadhi kivulini. Msitegemee kuwaona kwa macho. Ukungu mweupe ukitanda juu ya mizizi, huyo ni mwingine.

Siku ya kupanda, nafasi ni sentimita 75 kwa 30. Tia kiganja kimoja ndani ya shimo, mbegu ikae juu yake, fukia. Hapa wengi wanakosea, wanamwaga juu ya ardhi. Mzizi unapaswa kuwapitia ukiwa bado mchanga. Na mbegu iliyopakwa dawa ya fangasi inaweza kuwadhoofisha, kwa hiyo soma pakiti kabla hujanunua.

Mbolea ya kupandia ipunguze, usijaze kisoda. Lakini urea ya kukuzia weka kama kawaida, kwa sababu fangasi hawa hawatengenezi naitrojeni, na atakayekwambia mahindi hayataki tena mbolea anakupoteza. Baada ya kuvuna usigeuzegeuze ardhi ovyo, jembe linakata ule mtandao wa nyuzi. Panda kunde, nazo zinawalisha.

Jambo moja nawasihi sana: acheni mistari miwili bila fangasi, mbegu ileile, mbolea ileile. Wiki ya tatu au ya nne linganisheni majani. Rangi ya zambarau pembeni mwa jani ni njaa ya fosforasi. Mkivuna, pimeni kila upande kwa mizani kabla ya kuchanganya.