Kupima kasi ya mwanga kwa rula na jiko la maikrowevu

Ndugu wasikilizaji, hebu tazameni mlango wa jiko hili la maikrowevu. Nyuma ya kioo pana wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita moja au mbili hivi. Taa ya ndani ikiwaka mnaiona vizuri, kwa hiyo mwanga unapenya. Wimbi linalopasha chakula halipenyi. Na yote mawili ni kitu kimoja: mawimbi ya sumakuumeme, ambayo katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, husafiri kwa kasi ileile.

Yanatofautiana kwa urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ule wa kijani, mawimbi yake karibu 2,000 yanaenea ndani ya milimita moja, kwa hiyo kitundu cha wavu kwake ni lango pana. Wimbi la jiko lina urefu wa sentimita 12 na kidogo. Kwake wavu huu ni sawa na ukuta mzima wa chuma.

Kasi ya wimbi ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, mara urefu wa wimbi. Masafa yameandikwa kwenye kibandiko nyuma ya jiko: 2450 MHz, yaani mitikisiko 2,450,000,000 kwa sekunde. Bado urefu, na huo unapimika kwa rula.

Ndani ya sanduku la chuma wimbi hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na lile linalokuja. Yakijumlishana huzaa wimbi simamizi: pana sehemu zinazotulia daima, na pana sehemu zinazotikisika kwa nguvu. Kutoka sehemu kali moja hadi inayofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Mwaka 1888 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alitumia njia hiyo. Aliweka bati la zinki ukutani ili lirudishe mawimbi ya umeme aliyoyazalisha, akatafuta sehemu zilizotulia na kupima umbali kati yake. Kabla yake, mwanafizikia James Clerk Maxwell alikuwa amekwisha kueleza kwa hesabu kwamba mwanga ni wimbi la aina hii.

Sasa kazi yenyewe. Toa sahani inayozunguka pamoja na magurudumu yake. Kile kijiti cha katikati kinachoendelea kuzunguka kifunike kwa bakuli lililopinduliwa, lisilo la chuma. Juu yake weka sahani bapa iliyopakwa siagi baridi, unene wa milimita mbili hivi, sawasawa kila mahali. Washa kwa sekunde 15, utazame, uongeze sekunde tano tano mpaka madoa ya kwanza yaanze kung'aa. Hapo zima mara moja. Ukichelewa, joto linasambaa, madoa yanaungana na kipimo kimekwisha. Wala usiwashe jiko tupu: nguvu isiyo na wa kuimeza hurudi kwenye magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi ya jiko, na kuiharibu.

Pima kutoka katikati ya doa hadi katikati ya doa. Tuseme umepata sentimita 6. Zidisha kwa mbili upate mita 0.12, kisha zidisha kwa 2,450,000,000: mita 294,000,000 kwa sekunde. Thamani halisi ni 299,792,458, umepungukiwa asilimia mbili tu. Anayepata karibu milioni 150 amesahau kuzidisha kwa mbili; hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Sanduku lina urefu, upana na kimo, na mawimbi yanapishana kila upande, kwa hiyo baadhi ya madoa yatakaa mahali pasipotarajiwa. Pima jozi nne au tano, utafute wastani. Majiko yasiyo na sahani ya kuzunguka mara nyingi yana pangaboi la chuma lililofichwa, linalochanganya mawimbi. Hayo hayafai kabisa kwa jaribio hili.

Tangu 1983 kasi hiyo imewekwa kamili bila desimali, na mita yenyewe inafafanuliwa kutokana nayo. Kwa hiyo mwenye rula nzuri na madoa yaliyo wazi anaweza kugeuza hesabu: agawanye kasi kwa urefu wa wimbi, ajue jiko lake kweli linatikisika mara ngapi. Kibandiko husema 2450, lakini bendi iliyotengwa kwa majiko haya ni kati ya 2400 na 2500.