Mama, Binti na Yule wa Tatu

M1: Karibuni tena. Leo tunao mama na binti waliokosana, na wanaishi kwenye mji ambao ukipiga chafya mtaa wa juu, mtaa wa chini wanakupa pole.

M2: Na ugumu uko hapo, dada. Mji mkubwa mkinuniana mnaweza kumaliza miezi bila kuonana. Mji mdogo mnapishana njiani, mnakaa msiba mmoja, hamsemezani, na kila mtu ana habari zenu.

M1: Habari zinazopita kwa shangazi, jirani, dada mkubwa.

M2: Huyo wa tatu! Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, alieleza habari ya pembetatu: wawili wakizidiwa na mvutano, humvuta mwingine ili wapumue. Na wanapumua kweli, ndiyo maana haiachiki. Ila ugomvi uko palepale.

M1: Na maneno hugeuka njiani. Binti kasema "wiki hii siwezi kuja", mama anafikishiwa "hataki kukuona".

M2: Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuomba radhi, ni kumstaafisha mjumbe. Kwa upole: "Shangazi, asante, hili nitamwambia mama mwenyewe." Utarudia mara tatu, nne. Atanuna. Mwache anune.

M1: Halafu mkutane wapi? Wengi hukosea hapa. Nyumbani kwa mama, binti anarudi kuwa wa miaka 12. Kwenye watu, masikio yamejaa.

M2: Tembeeni. Mkiwa bega kwa bega hamkodoleani macho, na mwisho wa njia unajulikana. Nusu saa yatosha, kwa jambo moja, la karibuni. Ukifukua ya miaka 15 iliyopita, mama atafukua ya 20.

M1: Na useme tendo, usiseme tabia. "Mama, ulipowaeleza majirani mambo ya ndoa yangu niliumia. Naomba yabaki kwetu." Siyo "wewe huna siri".

M2: Tofauti hiyo ya lalamiko na shutuma John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, kaieleza sana kwa wanandoa, na hapa inafaa vilevile. Anasema pia mapigo ya moyo yakipita kama 100 kwa dakika, mtu hasikilizi tena vizuri. Pumzikeni angalau dakika 20.

M1: Ngoja kaka, binti akiondoka tu, mama ataona amesuswa.

M2: Ndiyo maana ataje saa. "Tuendelee jioni, saa kumi na moja." Na saa kumi na moja awepo.

M1: Radhi je? "Samahani mama, lakini..."

M2: Hiyo "lakini" imeshakula samahani yote. Weka nukta, nyamaza. Na usisubiri mama atamke ya kwake. Wapo wazazi ambao samahani yao ni simu ya asubuhi ya kuuliza umeamkaje. Ipokee hivyo hivyo.

M1: Na kama kuna kipigo au vitisho?

M2: Hapo futa yote tuliyosema, hakuna kutembea wawili. Kwanza usalama, kisha mtu aliyesomea ushauri. Ikiwezekana awe wa nje ya mji, hata kwa simu.

M1: Kwa nini wa nje?

M2: Wa humo humo huenda ni binamu yake shangazi.