Mita 10 za mtaa, na vinavyotakiwa kuingia humo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapimaji na wapanga miji wenzangu, na ninyi wauza viwanja ambao nimefurahi kuwaona humu ndani, asanteni kwa kunikaribisha.

Matangazo ya viwanja vya Kigamboni, Chanika, Kibaha na Bagamoyo mnayajua kuliko mimi. "Vimepimwa, barabara zimechongwa, umeme upo jirani." Naomba leo tukae kwenye hizo barabara za kuchongwa. Greda limepita, limekwangua nyasi, limeacha udongo ulionyooka, mteja anapiga picha na kulipa. Chini ya udongo ule hamna kitu. Hilo si tatizo, huduma huja polepole. Tatizo ni kwamba hapajatengwa pa kuziweka zitakapokuja.

Tuchukue mtaa wa mita 10, toka bikoni hadi bikoni, yaani toka alama ya mpaka wa viwanja vya upande huu hadi ya upande ule. Njia ya magari mawili kupishana ni mita 6, na gari la zimamoto peke yake lina upana wa kama mita 2.5, kwa hiyo hapo usipunguze. Zimebaki 4. Mtaro wa zege, na kuta zake, unakula mita moja. Njia ya waenda kwa miguu, moja na nusu. Zimebaki mita moja na nusu, na wageni bado wapo mlangoni: bomba la maji safi, nguzo za umeme, nyaya za intaneti, na siku moja, Mungu akipenda, bomba la majitaka. Nalo majitaka halitakiwi kulala pembeni ya maji safi. Wahandisi wengi huyatenganisha kwa mita 3 hivi, na maji safi huwekwa juu zaidi.

Inawezekana? Inawezekana kabisa. Majitaka yapite chini ya njia ya magari, maji safi yalale chini ya njia ya miguu, nguzo zisimame upande mmoja tu wa mtaa, mtaro upande wa pili. Lakini hayo lazima yachorwe siku moja, kwenye karatasi moja, yaani mtaa ukatwe kwa upana wake ili tuone juu na chini. Ikiachwa kila mtu aje kwa zamu yake, wa kwanza atachimba palipo rahisi, wa pili atakwepa wa kwanza, na wa mwisho atakata lami. Mimi nachagua mita 12 zilizochorwa hivyo kuliko mita 20 za greda, maana hizo 20 zitajaa vibanda na gereji kabla bomba la kwanza halijafika.

Nasikia mtu kule nyuma anauliza, na hasara je? Swali zuri. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inapendekeza mitaa ichukue angalau asilimia 30 ya ardhi. Kwenye ekari 10, ukifuata hivyo, unabakiwa na ekari 7, kama viwanja 47 vya mita za mraba 600. Ukibana mitaa hadi asilimia 15 unapata 57. Viwanja 10 si mchezo, siwalaumu mnaovitamani. Ila gharama ya viwanja hivyo 10 haifutiki, inahamia kwa wale wengine 47.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi: mwinuko na mteremko wa ardhi. Michoro mingi tunayoipitisha ina urefu na upana, haina kontua hata moja, ile mistari inayoonyesha ardhi inapanda au kushuka wapi. Bomba la majitaka la milimita 150 linahitaji kushuka karibu mita 1 kila mita 150 ili uchafu usigande njiani. Mtaa wa mita 300 unadai mita 2 za kushuka. Kwenye tambarare za mchanga za pwani hii, mita 2 hizo utazipata kwa kuchimba tu, na ukizama sana unakutana na maji ya ardhini. Kama hukujua hilo ulipochora mtaa, bomba halitakusamehe.

Maji ya mvua nayo ni vilevile. Mkandarasi anakuja miaka 10 baadaye, anakuta mtaa hauna pa kumwaga maji, anainua tuta la barabara ili lami isioze. Masika ya kwanza nyumba zinageuka bwawa na wakazi wanapiga kelele kwamba mkandarasi amewazamisha. Kosa lilifanyika mezani kwetu. Mtaa ulitakiwa kukaa chini ya viwanja, viwanja vimwage kwenye mtaa, mtaa umwage kwenye mkuza wa maji, yaani ukanda ulioachwa wazi ili maji yapite, na mkuza ufike bondeni. Mara nyingi mkuza huo ndio uliouzwa kama kiwanja cha kona, kwa bei nzuri.

Wanaosema kupanga mapema ni ndoto za Ulaya waende Sinza, Dar es Salaam. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mradi huohuo ulifika Manzese, ila kule nyumba zilitangulia, ikabidi barabara na mabomba vipenyezwe katikati ya watu. Mwaka 2021 mchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Miongo kadhaa baadaye, palipopangwa kwanza ndipo penye nyumba bora na mpangilio ulionyooka zaidi. Sisemi Sinza ni peponi. Walio karibu na mto Ng'ombe wana yao ya kusema.

Jambo dogo ambalo ni rahisi kuliko yote: kabla lami haijamwagwa, lazeni mabomba matupu kukatisha barabara kila baada ya viwanja kadhaa, na mziandike sehemu hizo kwenye ramani. Atakayeleta waya au maji atapitisha humo.

Na wewe uliyekuja kununua, usiridhike kuonyeshwa bikoni. Mwambie muuzaji afungue mchoro, akuonyeshe kwa kidole maji ya mvua ya mtaa ule yanapita wapi na yanaishia wapi. Kidole kikizunguka, zuia hela yako kwanza.