Kuiunda TAZARA Ndani ya Kompyuta: Kipande cha Mlimba hadi Makambako

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia utafiti anaopaswa kuufanya mtu anayetaka kuiunda reli ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, katika simyuleta ya treni, programu ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa treni. Kaka Edgar, wewe unashikilia kwamba kazi hiyo isianzie Dar es Salaam bali Mlimba. Tueleze sababu.

EDGAR: Asante, Dada Zuhura. Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na anayetaka kuijenga yote kwa mkupuo mmoja huishia kulaza reli juu ya picha za setilaiti bila kuijua. Kipande cha Mlimba hadi Makambako hakifiki hata sehemu ya kumi ya urefu huo, lakini ndicho kilichowapa wajenzi kazi ngumu kuliko vyote, kwa kuwa hapo reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda zaidi ya mita 1,000 kuelekea nyanda za juu. Njia nzima ina mahandaki 22, na mengi yako hapo.

ZUHURA: Wengi huanza na data za mwinuko wa ardhi zilizokusanywa kwa rada ya chombo cha anga cha Endeavour mwaka 2000, kwa sababu zinapatikana bure.

EDGAR: Nazo zinafaa sana kwa milima inayoonekana kwa mbali. Chini ya reli ndipo zinapopotosha. Hutoa kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi, na penye msitu mnene rada mara nyingi ilipima matawi ya juu badala ya ardhi. Vipimo viwili jirani vikitofautiana kimakosa kwa mita 5 tu, unapata mwinuko wa zaidi ya asilimia 16, na hakuna treni ya mizigo ya kawaida inayoweza kupanda hapo. Ndiyo maana nasema reli iaminiwe kwanza, ardhi iifuate. Tafuta urefu wa stesheni mbili kutoka usawa wa bahari, pima umbali kati yake kwa kuifuata njia katika kona zake zote, ndipo upate mwinuko wa wastani. Kisha, kila mahali ardhi inapopishana na mstari huo, ujiulize kama pana tuta, mlima uliokatwa, daraja au handaki.

ZUHURA: Na handakini picha za setilaiti hazitusaidii kitu. Nimeona watu wakiunganisha milango miwili kwa mstari ulionyooka.

EDGAR: Lakini milango yenyewe inasema mengi. Tazama reli inaelekea wapi inapoingia na inatokea ikielekea wapi. Mielekeo hiyo miwili isipokuwa katika mstari mmoja, basi ndani mna kona, na kona hiyo lazima ichorwe, kwa sababu kona huizuia treni ndefu kwa nguvu nyingi kuliko njia iliyonyooka. Tena ni vyema kutumia picha za kiangazi, mawingu na majani yanapopungua.

ZUHURA: Mimi napenda kuongeza video ambazo abiria hupiga wakiwa dirishani. Humo unaona mataruma ya zege, ambayo waundaji wengi huyasahau na kuweka ya mbao, na unaona jinsi kokoto zilivyomwagwa na paa la kila stesheni lilivyo. Hata hivyo, muda wa safari katika video za leo usitumiwe kupanga ratiba ya mwaka 1976, reli ilipokabidhiwa, kwa sababu treni hupunguza mwendo mahali njia ilipochakaa.

EDGAR: Hilo ni muhimu mno, kwani kipindi unachokichagua ndicho kinachoamua vichwa vya treni pia. Mwanzoni vilitumika vile vya dizeli-haidroliki, ambavyo nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kupitia mafuta, vilivyotengenezwa China, navyo vilielemewa na milima hii. Katika miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme, ambavyo injini huzalisha umeme wa kuzungusha magurudumu, kutoka Ujerumani Magharibi. Tena mtu asiazime mabehewa ya reli ya kati ya zamani ya Tanzania. Reli ile ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina 1,067 ili ilingane na reli za Zambia; ndiyo sababu shehena inayotoka katika mtandao mmoja kwenda mwingine huhamishwa Kidatu.

ZUHURA: Mimi ningekwenda mbali zaidi nikauliza shehena yenyewe inaelekea wapi. Reli hii ilijengwa ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, na shaba ndiyo iliyokuwa mzigo mkuu wa kwenda bandarini. Treni iliyosheheni shaba hutoka Makambako ikiteremka. Waundaji wengi huhangaikia nguvu za kupanda, ilhali katika kipande hiki mtihani mkubwa wa dereva mwenye shaba ni breki.

EDGAR: Nakubaliana nawe kabisa. Kwa hiyo safari ya kwanza tutakayoiandaa iwe ya kuteremka, na kabla ya kuchora mti hata mmoja tuhakikishe kwamba uzito wa kila behewa, nguvu ya breki zake na muda ambao hewa inachukua kufika behewa la mwisho vimekadiriwa ipasavyo. Stesheni za kupishana nazo ziwekwe mahali pake halisi, maana njia ni moja, na treni inayopanda na mbolea itakuwa ikisubiri tupite.